Ukweni Hakulaliki Desemba

Kuna watu ambao Krismasi kwao ni pilau, soda na watoto wanaolia kwa sababu viatu vipya vinawabana. Nawaonea wivu. Mimi nimeoa Marangu, na ukweni kwangu Krismasi ni sikukuu ya kutishana. Mchana watakwenda kanisani wamependeza, wataimba kwa sauti nne, mchungaji atawabariki, halafu usiku watazunguka moto na kuanza habari za wafu, mpaka mtu mzima mwenye ndevu zake anaomba asindikizwe chooni. Wewe uliyeoa kwa watu wanaocheza karata usiku wa mkesha, mshukuru Mungu wako. Wewe mwenye wakwe wa aina ya wangu, sogea hapa tukae, shida yetu ni moja.

Sheria ya mkesha huo aliiweka Bibi. Huyu ni mama mkwe wangu: watoto wanamwita Bibi, mimi namwita Mama nikiwa mbele yake, na nikiwa Dar es Salaam salama salimini namwita Jaji Mkuu. Sheria inasema kisimuliwe kisa cha kweli tu, kilichomkuta msimulizi mwenyewe au mtu ambaye kaburi lake linafahamika lilipo. Mambo ya sungura na fisi hayapokelewi. Ukianza na "hapo zamani za kale" unatumwa kuni.

Niseme kwanza kidogo kuhusu safari ya mwaka juzi, maana bila hiyo hutaielewa hali yangu ya akili usiku ule. Ikifika wiki ya Krismasi, Wachagga wa Dar es Salaam hufunga maduka na kupanda mlimani, na sisi wa Tanga, Mtwara na Songea tuliooa kwao tunafuata nyuma tumebeba. Nasema tumebeba. Mama Upendo, mke wangu, haamini kwamba kuna kitu kinauzwa ng'ambo ya Chalinze. Alichukua mchele, mafuta ya kula, vitenge vya Bibi, feni (huko juu ni baridi, lakini feni aliipata kwa bei nzuri) na godoro. Buti la basi lilishajaa tangu Mbezi. Kondakta akaniangalia, akaliangalia godoro, akasema, "Mzee, hili mtakaa nalo." Kutoka Dar es Salaam hadi Himo ni zaidi ya kilomita 500, nami nilizimaliza nimelikumbatia. Milima ya Usambara sikuiona. Same sikuiona. Abiria mmoja aliyepandia Korogwe aliliegemea akalala, na aliposhuka Mwanga alilishukuru godoro, mimi hakuniaga.

Himo ndipo aliponunuliwa mbuzi. Mkwe hapandi mlimani mikono mitupu, na godoro halihesabiwi, hilo ni la binti. Mbuzi alikuwa beberu mweupe mwenye doa jeusi jichoni, na bei yake ilikuwa ya Desemba, yaani bei isiyo na uhusiano wowote na mbuzi mwenyewe. Nikalipa. Shemeji yangu, aliyekuja kutupokea baada ya malipo kukamilika, alimfungua mdomo, akamkagua meno, akasema nimepigwa.

Huyu shemeji ni kaka mkubwa wa mke wangu. Mjini kila mwenye duka ni Mangi, lakini huyu familia nzima inamwita Mangi, yaani mtawala, kwa sababu hajawahi kufanya kazi aliyotumwa na mtu. Usiku ule alitumwa kumfunga mbuzi. Likumbuke hilo.

Basi tukakaa jikoni kwa Bibi, jiko la nje lenye mafiga matatu na moshi unaojua kumtafuta mgeni. Bibi kwenye kigoda. Pembeni yake Shangazi Redio Mbao, dada wa marehemu baba mkwe. Habari ikipita kwake asubuhi, mchana iko Rombo. Mangi na kata yake ya mbege. Mke wangu. Kisha kizazi changu: Upendo, ambaye tangu aingie sekondari tunamwita Wakili kwa sababu hakuna jambo asilolikatia rufaa; mdogo wake Mpelelezi, mwenye swali moja tu maishani mwake, nalo ni "kwa nini?"; na kitinda mimba wetu, Kamanda, ambaye bado hajajua kufunga kamba za viatu lakini anatuamrisha wote.

Mangi akaanza na Popobawa. Kisa hiki tunakisikia kila mwaka na kila mwaka kinaongezwa nyama, ila mfupa wake ni wa kweli. Mwaka 1995 alikuwa na meza ya mitumba Darajani, Unguja. Ramadhani ya mwaka ule hofu ilikuwa imeshaanza Pemba, baadaye ikavuka bahari. Ilisemekana ni jini linaloingia vyumbani usiku, linamkandamiza mtu kitandani, hata wanaume wenye nguvu zao, na kumfanyia mambo ambayo Mangi akiyakaribia Bibi huanza kukohoa. Watu wakakimbia vyumba vyao. Wanaume wazima wakatandika mikeka nje, wakakoka moto, wakakesha pamoja, wapangaji na wenye nyumba. Mangi, ambaye mpaka hapo majirani walimjua kwa kuchelewesha kodi tu, akapewa nafasi yake kwenye mkeka, kati ya muuza kahawa na mwalimu wa madrasa. Anasema hajawahi kulala na watu wema namna ile. Na jini lenyewe lilikuwa na sharti: ukishatembelewa lazima uwatangazie wenzako, ukinyamaza linarudi.

"Kwangu lisingerudi," alisema Redio Mbao, na hakuna aliyebisha.

Kuna kipande cha kisa hicho ambacho Mangi hukipitia mbio. Mjini Unguja, mwaka huo huo, watu walimshika mtu mwenye ugonjwa wa akili, wakasema ndiye, wakamuua. Akifika hapo hainui macho. Anachochea moto, anaomba kata nyingine, zamu inapita.

Zamu ya Redio Mbao haipitishwi, anaichukua. "Mimi nasema habari ya kichwa," akaanza, na Kamanda akahamia mapajani kwa mama yake. Akasimulia habari za Mangi Meli, mtawala wa Old Moshi aliyepigana na Wajerumani, wakamnyonga yeye na wenzake tarehe 2 Machi 1900, mbele ya watu wake. Wazee waliopokezana habari hiyo wanasema alikaa kwenye kamba saa nyingi kabla ya kukata roho. Kisha, na hili ndilo linaloaminika mlimani kote, kichwa kikakatwa kikapelekwa Ujerumani.

Jaji Mkuu akainua kidole. "Sheria ifuatwe. Kaburi lake liko wapi?"

"Wifi," Redio Mbao akajibu, "na mimi ndilo ninalouliza."

Jikoni pakawa kimya. Mjukuu wa Meli amekitafuta kichwa hicho miaka na miaka. Mwaka 2023 Wajerumani walitangaza kuwa vipimo vya vinasaba vimeyaoanisha baadhi ya mafuvu yaliyohifadhiwa Berlin na koo zilizo hai huku kwetu. La Meli halikuwamo. Sasa fikiria unayasikia hayo katika nyumba ambayo marehemu wake wamelala kihambani, yaani shamba la nyumbani, hatua chache kutoka mlango wa jiko, kila mmoja na msalaba wake, na wajukuu wanajua yupi alipenda ugoro. Kwa watu hawa Popobawa ni mchezo wa kuigiza. Mtu asiye na kichwa na asiye na kaburi ndiye anayewakosesha usingizi. Wakili akauliza kama mtu anaweza kufungua kesi. Mama yake akamwambia asome kwanza.

Ikaja zamu yangu. Sisi watu wa Tanga tunategemewa sana kwenye vikao hivi, tunadhaniwa kila mmoja wetu ana jini lake nyumbani. Nikawapa Mapango ya Amboni, yaliyo kilomita chache tu nje ya mji wetu. Utotoni, Chumbageni, tulitishiwa kwa jina la Osale Otango, aliyejificha mapangoni humo na mwenzake Paulo Hamisi miaka ya 1950 wakisakwa na serikali ya mkoloni. Mpaka leo kuna sehemu humo ndani ambapo watu huacha sadaka zao kwa mzimu. Lakini kisa kinachopendwa Tanga nzima ni cha mbwa. Inasimuliwa kuwa Wazungu wawili waliingia pangoni na mbwa wao, wasitoke tena. Mbwa akaja kuonekana baadaye sana, akiwa hai, amezukia Kilimanjaro.

Nikaongeza, ili kisa kiwe cha kweli, kwamba mwaka 1994 watafiti waliyapima mapango yote wakakuta lililo refu kuliko mengine halifiki hata kilomita moja. Sehemu hiyo haikusikilizwa na mtu.

"Baba," Mpelelezi akasema. "Kilimanjaro si ni hapa?"

"Ni hapa."

"Na lile shimo la Bibi linaenda wapi?"

Kwa usiyejua: Wachagga wa kale walichimba mahandaki ya kujificha, wao na mifugo yao, nyakati za uvamizi wa Wamasai na vita vya mamangi wao kwa wao. Marangu na Mamba yapo ambayo watalii wanalipa kiingilio. Lililo kihambani kwa Bibi halijawahi kuona mtalii. Mdomo wake umezibwa nusu na udongo, limefunikwa kipande cha bati na mawe, na liko mahali ambapo mwenye akili timamu asingeweka shimo, yaani kati ya choo na kaburi la baba mkwe.

Wote tukamwangalia Bibi. "Babu yenu aliingia na chemli," akasema taratibu. "Ikazimika. Akarudi. Alichokiona hakusema mpaka anakufa." Kisha akajishika magoti akainuka. "Haya, tusali tukalale."

Tukalale! Huyo ndiye mama mkwe wangu.

Tulilala watano chumba kimoja, juu ya godoro lile lile, maana Bibi alilibonyeza mara moja akasema la kwake linamtosha. Kitu cha saa nane usiku perere akaanza. Perere ni mnyama mdogo wa mitini, mkubwa wake hazidi sungura aliyeshiba, lakini amepewa sauti ya mtu anayekabwa. Anaanza kwa kukwaruza, anapanda, anapanda zaidi, kisha anapiga yowe la mwisho ambalo huwezi kuamini kwamba mwenyewe amebaki hai. Wakili akanishika mkono wa kulia, Mpelelezi wa kushoto, Kamanda akanipanda kifuani. Nikawaeleza kwa sauti ya baba mwenye nyumba kwamba huyo ni perere tu, walale.

"Perere ni huyo wa juu," mke wangu akasema gizani. "Huyu mwingine anatoka chini."

Tukasikiliza. Kweli, chini ya yowe la perere kulikuwa na sauti nyingine, nzito, ya kukoroma, inatokea mahali penye mwangwi.

"Ni mbwa," Mpelelezi akanong'ona. "Amefika."

Nyumbani kwangu mwanaume hatumwi. Anaangaliwa tu mpaka ainuke. Nikainuka, nikavaa mabuti ya mpira ya Bibi, yanayonibana, nikajifunga khanga ya mke wangu juu ya bukta kwa ajili ya baridi, nikachukua simu yenye chaji ya kubahatisha na kwenda kumwamsha Mangi. Mangi aliposikia neno "shimo" alikumbuka kwamba ana mgongo. Ikabidi dada yake amwite kwa jina la ubatizo, lote, pamoja na la babu. Akatoka na panga.

Kwenda shimoni lazima upite makaburini. Makaburi ya ukweni yana marumaru nzuri kuliko sebule yangu ya kupanga, na usiku mwanga wa simu ukiyapiga yanakurudishia sura yako mwenyewe. Pembezoni yamepandwa masale, na masale yanajua kucheza na upepo. Mangi alitembea nyuma yangu akinieleza kwamba mkwe ndiye anayetakiwa kutangulia kwa sababu damu yake ni ngeni, wazee hawamjui, hawana ugomvi naye. Nilipomwambia kwamba mtu asiyejulikana ndiye anayepigwa kwanza kila mahali duniani, alisema tusibishane mbele ya wakubwa.

Mgombani alipofungwa mbuzi palikuwa na kamba. Mbuzi hapakuwa. Bati la shimo lilikuwa limesogea pembeni, na kutoka ndani ile sauti ikaja tena, safari hii karibu.

Mangi akainua panga. "Kama wewe ni Mzungu," akasema kwa ukali, "jibu kwa Kiingereza!"

Shimo likajibu, "Meee."

Niseme kwa heshima ya shemeji yangu kwamba hakukimbia. Alirudi kinyumenyume mpaka akakalia kaburi la baba yake, akashtuka, akaomba radhi kwa Kichagga, akabaki amekaa palepale. Aliyeingia shimoni ni mke wangu. Alikuwa ametufuata bila viatu, akatusukuma, akakunja khanga yake akateremka. Utotoni alikuwa anajificha humo kukwepa kuchuma kahawa, hivyo giza la mle ndani lina hofu naye, si yeye nalo. Akamsukuma mbuzi kwa chini, nami nikamvuta pembe kwa juu, mbuzi akatoka amejaa udongo na matusi.

Shingoni kwake palikuwa na jani la sale limefungwa fundo.

Msomaji wa Pwani atasema, jani ni jani. Ngoja. Sale si mmea wa pambo mlimani. Ndilo linalopandwa kwenye mpaka wa kihamba, ndilo linalosimama makaburini, na mtu akikukosea, akataka yaishe, anakuletea jani la sale limefungwa fundo. Ukishaletewa hukatai. Kesi ngapi zimemalizwa kwa jani hilo pasipo hakimu wala karani, hata Redio Mbao hawezi kuzihesabu. Hili la shingoni kwa mbuzi lilikuwa bichi, refu, lina umande, limechumwa karibu kabisa na shina, na fundo lake lilikuwa moja tu, limekazwa vizuri, ncha mbili zinaning'inia sawasawa.

Bibi alikuwa ameshafika na blanketi mabegani. Hakumwangalia mbuzi. Alilimulika jani. "Nani amefunga?"

Kimya. Redio Mbao akasogea, akainamisha uso mpaka pua ikakaribia shingo ya mbuzi, akaligeuza fundo kwa kidole. "Hili limefungwa kwa shoto," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuongeza neno.

Marehemu baba mkwe alikuwa mtu wa shoto. Na alikuwa na deni. Mwaka 1989 bei ya kahawa ilianguka duniani kote, mkataba wa kimataifa uliokuwa unaishikilia ulipovunjika, na mlimani nyumba nyingi ziliingia Krismasi ile hazina kitu. Bibi alikuwa na mbuzi wake mmoja, aliyemfuga mwenyewe kwa majani ya kubeba kichwani. Siku moja kabla ya sikukuu mzee akamchukua, akateremka naye sokoni, akamuuza bila kumwambia. Ada ya mtoto, alisema. Mtoto mwenyewe ni Mangi, aliyeacha shule mwaka uliofuata, ndiyo maana kisa hiki kikitajwa huwa anakwenda kuangalia kuni. Mzee hakuomba radhi. Waliishi, walizaa, walisali kanisa moja benchi moja, akafa, akazikwa, na kila Krismasi Bibi akigawa nyama alikuwa anasema, "Huyu ni mbuzi, lakini si yule wangu."

Basi alisimama pale, amelishika jani. Perere alipiga yowe moja huko juu na hakuna aliyeshtuka. Kisha Bibi akalifungua fundo polepole, kwa kucha, bila kulichana, akaligeukia kaburi na kusema kwa sauti ya kawaida kabisa, ile anayotumia kuomba chumvi: "Haya. Yameisha." Akarudi kulala. Asubuhi tulikuta jani ndani ya kitabu chake cha nyimbo, kwenye ukurasa wa nyimbo za mazishi, na kanisani aliimba mpaka watu wa benchi la mbele wakageuka.

Mimi ni mtu wa kutafuta sababu. Njiani kurudi Dar, mikono yangu ikiwa huru (godoro lilibaki, anajilalia Mangi), nilipitia washukiwa wote. Mangi hawezi kuwa, kwa sababu asiyeweza kumfunga mbuzi kwenye mgomba hawezi kufunga fundo zuri namna ile. Redio Mbao angeshatangaza. Wakili na Mpelelezi walikuwa wameikamata mikono yangu, na kabla ya hapo walikuwa wanakoroma, niliwasikia. Mtu wa shoto nyumbani kwetu ni mmoja tu, Kamanda, ambaye kamba za viatu vyake namfungia mimi. Mbuzi akipita kwenye masale anaweza kunasa jani, hilo nakubali, lakini mbuzi hafungi fundo. Amebaki mke wangu, aliyekuwa peke yake na mbuzi mle shimoni, gizani. Tulipofika Segera nilimuuliza. Akasema, "Mimi natumia mkono gani?" Nikasema wa kulia. Akasema, "Basi lala," akafumba macho. Nilipomwangalia alikuwa anatabasamu, au ni barabara ilikuwa inatutikisa.

Unafikiri mambo yaliishia hapo? Mbuzi wa msamaha haliwi. Hilo Bibi alilitangaza asubuhi ya Krismasi, Mangi akiwa ameshanoa kisu, sufuria la kisusio likiwa tayari, na majirani wawili wameshakuja kuulizia supu. Mbuzi niliyemnunua mimi, kwa bei ya Desemba, alifungwa utepe mwekundu wa zawadi akaachwa atembee uani, na sisi tukala kiburu, ndizi na maharage, tukiangaliwa naye. Mangi alikula kwa majonzi, utadhani tumetoka kuzika.

Mbuzi yule anaitwa Msamaha. Yu hai mpaka ninavyoandika haya, ameshiba, ana kiburi, na ameshakula miche ya kahawa ya jirani kwa awamu mbili. Hesabu ya uharibifu hutumwa kwangu kwa simu, kwa maelezo kwamba mwenye mbuzi ni mimi. Nikiuliza kama basi naweza kumuuza, naambiwa mwenye mbuzi ni marehemu.

Tiketi za Desemba hii zimeshakatwa, siti za nyuma kabisa, juu ya injini. Safari hii kuna kabati. Mke wangu amesema niandae na pesa ya mbuzi mwingine wa kuchinja, atakayefungwa na mtu mwingine mbali na shimo, na Bibi ametuma salamu kwamba nisirudie kisa cha mbwa, nije na kipya. Kwa hiyo, ndugu yangu mwenye wakwe huko mlimani, nina ombi na nina ushauri. Ombi ni kisa cha kweli, kisichohusu mashimo. Ushauri ni huu: mbuzi wa Himo nunua Novemba, na umkague meno mwenyewe.